Mazoezi Mepesi Msimu wa Kaskazi: Kuushughulisha Mwili Bila Kuuumiza Katika Joto la Pwani

Kuanzia Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Pemba na Mombasa huishi katika joto ambalo kipimajoto peke yake hakitoshi kulieleza. Nyuzi joto 32 au 33 za mchana si nyingi mno zikilinganishwa na zile za nchi za jangwani, lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, na usiku nao hauleti nafuu kubwa kwa kuwa joto hushuka hadi nyuzi 25 au 26 tu, hasa katika nyumba zilizoezekwa bati zisizo na dari. Katika kipindi hicho wapo wanaoacha mazoezi kabisa wakingoja masika ipoze nchi, na wapo wanaoendelea kwa kasi ileile ya Julai kana kwamba hakuna kilichobadilika. Wa kwanza hupoteza nguvu za miguu na utulivu wa sukari na shinikizo la damu walioujenga kwa miezi mingi, na wa pili hujiweka katika hatari wasiyoiona.

Maelezo yanayofuata yamekusudiwa kwa mtu mzima wa kawaida anayetaka kutembea, kunyoosha viungo na kuimarisha misuli kwa kiasi, akiwamo mzee, mtu mwenye uzito mkubwa na mtu anayetumia dawa kila siku. Mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio za marathoni ana mwalimu wake na ratiba yake, na hayo hayamo humu.

Jasho si kipimo cha zoezi

Imani iliyoenea sana katika vikundi vya mazoezi vya mitaani ni kwamba zoezi ambalo halikutoa jasho la kulowesha fulana halina faida, na kwamba kadiri mtu anavyovuja jasho ndivyo mafuta ya tumbo yanavyoyeyuka. Kwa imani hiyo watu hukimbia wamevaa majaketi na sweta saa 2 asubuhi, na wengine hujifunga nailoni tumboni kabla ya kutoka nyumbani. Uzito unaopungua kwa njia hiyo ni wa maji, nao hurudi mara mtu anapokunywa. Kinachobaki ni mwili uliozuiwa kujipoza wakati ulipohitaji kujipoza kuliko wakati mwingine wowote.

Mwili unapofanya kazi, misuli huzalisha joto, na joto hilo hutolewa kwa njia kuu mbili: damu hupelekwa kwa wingi karibu na ngozi, na jasho hutoka ili ligeuke mvuke likiondoka na joto. Neno la kuzingatia hapa ni mvuke. Jasho linalodondoka chini kutoka kidevuni halijapoza chochote, limepoteza maji na chumvi bure. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hushindwa kukauka, joto hubaki mwilini, na moyo hulazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kuilisha misuli damu na kuipeleka damu nyingine kwenye ngozi. Ndiyo maana mwendo uleule ambao Julai, wakati wa kusi, ulikuwa wa kawaida kabisa, Februari humfanya mtu ahisi moyo unamwenda mbio. Si kwamba amezeeka ghafla, wala si uvivu.

Kipimo kilicho bora kuliko jasho ni pumzi. Ukiwa unatembea na unaweza kumaliza sentensi nzima ukizungumza na mwenzako bila kukatika katikati, lakini ukijaribu kuimba kaswida au wimbo wa kwaya pumzi haitoshi, upo mahali panapofaa. Ukishindwa hata kumjibu anayekusalimia, punguza mwendo hapohapo. Katika msimu wa kaskazi kipimo hiki kitakurudisha nyuma hadi mwendo ambao pengine utauona wa aibu, na inafaa kuukubali, kwa sababu moyo hauhesabu kilomita, unahesabu kazi unayofanya.

Saa na mahali

Januari na Februari, jua la Dar es Salaam huchomoza muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12:45 jioni. Muda mzuri kuliko wote ni kati ya kupambazuka na saa 2 asubuhi, kwa kuwa ardhi, kuta na lami vimepoa kadiri vinavyoweza kupoa. Hata hivyo usishangae ukilowa jasho mapema hivyo, kwa sababu alfajiri ndipo unyevu wa hewa huwa juu zaidi katika saa zote 24, na upepo wa bahari huwa bado haujaanza kuvuma. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, zoezi la nje halina sababu. Kwa mwenyeji wa Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri husimama wima juu ya kichwa, na kivuli cha nguzo au ukuta hutoweka kabisa, kwa hiyo hata mtu anayedhani atatembea kivulini hukuta hakuna kivuli isipokuwa chini ya mwembe au mkungu wenyewe.

Jioni ina mambo yake. Upepo wa bahari husaidia, lakini lami na kuta zilizopigwa jua mchana kutwa hutoa joto lake polepole hadi baada ya magharibi. Mtu anayetaka kufanya mazoezi barazani aiguse kwanza baraza kwa kiganja, kwani ile inayotazama magharibi inaweza kuwa na moto saa 12 jioni wakati ile ya upande wa pili wa nyumba hiyohiyo imeshapoa. Ufukweni hakuna kuta za kurudisha joto, na ndiyo sababu watu wengi hupenda kutembea kando ya bahari, iwe Coco Beach, Forodhani au bustani ya Mama Ngina kule Mombasa. Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa takribani kilomita 1, lina njia ya watembea kwa miguu inayovutia wengi, lakini juu yake hakuna kivuli hata kidogo, kwa hiyo ni mahali pa alfajiri na jioni tu.

Atakayetembea mchangani au majini ni lazima ajue maji yanavyokwenda. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani yetu hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Maana yake ni kwamba ule mchanga mpana na mgumu unaopendeza kutembelea huonekana wakati jua limeshakuwa kali, na anayevutwa nao hujikuta mbali na kivuli saa 4 unusu, akiwa na mwanga wa jua juu na mwingine unaorudi kutoka kwenye maji. Tembea mapema maji yakiwa yanatoka, kisha urudi. Kutembea ndani ya maji ya kufika magotini ni zoezi zuri sana kwa mwenye maumivu ya magoti, kwa kuwa maji hubeba sehemu ya uzito na kuipoza miguu papo hapo, lakini usiende peke yako, usiende mahali penye mkondo, na vaa viatu vyepesi vinavyobana mguu kwa sababu ya chupa zilizovunjika na viumbe wenye miiba wanaojificha kwenye miamba.

Kwa anayetembea barabarani, magari yetu hupita kushoto, hivyo mtembea kwa miguu akae upande wa kulia ili ayaone yanayomjia, avae nguo ya rangi nyeupe au ya kung'aa kukiwa bado na giza, na asiamini kwamba bodaboda itafuata upande wake. Ni bora kuchagua mzunguko mfupi unaopita karibu na nyumbani mara kadhaa kuliko njia ndefu ya kwenda na kurudi, kwa sababu anayezidiwa kwenye mzunguko mfupi hatakuwa mbali na maji, kivuli na watu wanaomfahamu.

Kuuzoesha mwili

Mwili wa binadamu hujifunza kuishi na joto, na somo hilo huchukua takribani wiki 1 hadi 2. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, chumvi iliyomo ndani yake hupungua, na kiasi cha maji katika damu huongezeka ili moyo usielemewe. Mtu anayetoka Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi kuja kukaa pwani, na ndugu anayerudi likizo ya Desemba kutoka London au Toronto, wote hawana budi kulianza somo hilo upya, hata kama walizaliwa Tanga. Vivyo hivyo mtu anayeshinda kutwa katika ofisi yenye kiyoyozi na kulala katika chumba chenye kiyoyozi asijilinganishe na mvuvi au mama anayeuza samaki Feri.

Njia iliyo salama ni kuanza na dakika 10 za kutembea polepole siku ya kwanza, kuongeza dakika 2 au 3 kila siku kadiri mwili unavyokubali, na kutoongeza mwendo na muda kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili siku 3 au zaidi. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Dakika 10 baada ya sala ya alfajiri, 10 nyingine ndani ya nyumba chini ya feni na 10 jioni zina thamani ileile, na katika msimu wa kaskazi mgawanyo huo una busara zaidi kuliko nusu saa kwa mkupuo.

Mazoezi yenyewe

Anza kwa kuupasha mwili dakika 5, hata kama hewa ina joto, kwa sababu joto la hewa haliandai viungo. Simama ukishika mgongo wa kiti, zungusha kifundo cha kila mguu, inua magoti kwa zamu kana kwamba unapiga gwaride mahali ulipo, kisha zungusha mabega kwenda nyuma na mbele. Baada ya hapo tembea. Mikono iachwe ibembee, macho yatazame mbele wala si chini, na kisigino kitangulie kugusa ardhi kabla ya vidole. Raba zenye soli isiyochakaa zinafaa. Ndala hazifai, kwani humlazimisha mtu kuzishika kwa vidole na kubadili mwendo wake, na zikilowa huteleza.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote kwa wazee, na ambalo halihitaji kutoka nje kabisa, ni la kuinuka na kuketi. Keti kwenye ukingo wa baraza au kiti imara kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani. Nyayo zote mbili ziwe chini, zimerudishwa nyuma kidogo ya magoti, na zitengane kwa upana wa nyonga. Kunja mikono kifuani, inamisha kiwiliwili mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, kisha sukuma ardhi kwa nyayo na uinuke ukitoa pumzi. Simama wima kwa muda mfupi. Sasa keti, lakini usijitupe: shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, na uhisi mapaja yanavyofanya kazi katika robo ya mwisho ya safari, kwa maana hapo ndipo wengi huachia na kuanguka kwa kishindo. Fanya mara 8, pumzika dakika 2, kisha mara 8 nyingine. Asiyeweza kuinuka bila mikono aweke viganja mapajani na asukume, au aongeze mto juu ya kiti ili asitoke chini sana. Asiye na shida yoyote aanze kushuka kwa hesabu ya tano. Magoti yakielekea kugusana wakati wa kuinuka, yasukume nje kidogo ili yafuate mwelekeo wa vidole vya miguu. Nguvu hii ya mapaja ndiyo inayomwezesha mzee kuinuka kitandani, kutoka kwenye daladala na kutumia choo cha kuchuchumaa bila kumwita mtu, na hupotea upesi sana kwa mtu aliyekaa tu wiki kadhaa kwa sababu ya joto.

Baada ya hapo sukuma ukuta: simama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka uso ukaribie ukuta, kisha jisukume kurudi, mara 8 hadi 10. Kwa mizani ya mwili, simama karibu na ukuta huohuo, weka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu mwingine katika mstari mmoja, na ubaki hivyo kwa sekunde 10 huku vidole vya mkono vikiwa tayari kuugusa ukuta. Kisha badilisha miguu. Kuinua visigino na kusimama kwa vidole mara 10 kuna faida ya ziada katika joto, kwa kuwa misuli ya nyuma ya miguu husaidia kuirudisha damu juu, na wale ambao miguu yao huvimba msimu wa joto watapata nafuu kiasi.

Usisimame ghafla baada ya kutembea. Katika joto mishipa ya damu ya ngozi imetanuka, na mtu akisimama kimya damu hukusanyika miguuni, kichwa kikakosa damu ya kutosha na akapata kizunguzungu au kuanguka. Tembea polepole kwa dakika 5, kisha nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa kuegemea ukuta, mguu mmoja nyuma na kisigino chini, kwa sekunde 20 hadi 30 bila kudundadunda. Anayelala kwenye mkeka kwa mazoezi ya mgongo aketi kwanza dakika moja kabla ya kusimama.

Nguo ziwe pana, nyepesi na za rangi iliyopauka. Anayevaa buibui au hijabu achague kitambaa chembamba kisichogandamana na ngozi, na avae nguo moja nyepesi ndani badala ya mbili. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikazungushwa shingoni, hupoza vizuri kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Feni husaidia zaidi ngozi ikiwa imelowa, kwa hiyo jipanguse kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukaa mbele yake. Baada ya mazoezi oga na ubadilishe nguo mara moja, maana nguo iliyolowa jasho ikikaa mwilini huleta harara na fangasi. Watu wenye ualbino wanahitaji mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana na losheni ya kukinga jua hata saa 1 asubuhi, na losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi ilibuniwa kwa ajili yao. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, yaani saa zilezile za mazoezi, hivyo suruali ndefu nyepesi ina kazi mbili.

Maji, madafu na chumvi

Kunywa glasi moja ya maji takribani nusu saa kabla ya kutoka, kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20 ukiwa nje, na kunywa tena ukirudi. Mkojo wa njano iliyopauka unaonyesha kwamba maji yanatosha, na wa njano iliyokolea ni onyo. Wazee wawe na ratiba ya kunywa badala ya kusubiri kiu, kwa sababu hisia ya kiu hudhoofika kadiri umri unavyosonga. Wanawake wengi hujizuia kunywa maji kwa kuhofia kukosa choo njiani, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea mzunguko mfupi wa karibu na nyumbani. Maji ya baridi hayaleti homa ya mapafu, ingawa ya mtungini huwa rahisi kunyweka kwa wingi kuliko ya barafu. Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara: anayejilazimisha lita kadhaa kwa saa moja huiyeyusha chumvi ya damu yake mpaka akaugua, na dalili zake hufanana na za joto.

Kwa matembezi mepesi ya nusu saa maji matupu yanatosha. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza sodiamu zaidi, kwa hiyo si mbadala kamili wa chumvi iliyopotea. Mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za shinikizo la damu kama losartan au enalapril ambazo huongeza potasiamu mwilini, amuulize daktari kabla ya kujizoesha madafu mengi kila siku. Aliyetoka jasho jingi kwa zaidi ya saa nzima, au aliyeharisha, anafaa kunywa ORS, pakiti moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa kawaida ni lita 1. Ikikosekana, changanya vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Mwenye shinikizo la damu asifanye kinywaji hicho kuwa cha kila asubuhi.

Dawa na magonjwa

Dawa za kuongeza mkojo, kama vile hydrochlorothiazide na furosemide, hupunguza maji mwilini, na anayezitumia hukaribia upungufu wa maji haraka kuliko jirani yake. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali azungumze na daktari mwanzoni mwa msimu kuhusu kipimo na saa ya kumeza. Atenolol na dawa za jamii yake huzuia moyo kwenda kasi, hivyo anayezitumia asipime zoezi kwa kuhesabu mapigo, atumie kipimo cha pumzi. Baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi hupunguza jasho, na siku ya kuzitumia ni siku ya kufanya mazoezi ya ndani tu.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini ajue kwamba joto na kazi ya misuli huifanya ifyonzwe upesi. Asidunge paja kabla ya kutembea, apime sukari kabla na baada, na awe na pipi au pakiti ndogo ya juisi mfukoni. Insulini yenyewe isiachwe ndani ya gari wala chini ya bati. Pasipo na friji, au umeme ukikatika, chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa huihifadhi katika ubaridi unaofaa. Mwenye selimundu akwepe kabisa kukaukiwa maji na kuchoka kupita kiasi, kwani vyote viwili vinaweza kuamsha maumivu makali. Atembee kwa vipindi vifupi, akipumzika kabla ya kuhitaji kupumzika. Mama mjamzito ambaye mkunga wake hajamkataza anaweza kuendelea kutembea, ila asilale chali kwa muda mrefu baada ya miezi mitatu ya kwanza, na asijiache apate joto la kumtoa pumzi. Mtu yeyote mwenye homa, hata ndogo, hana mazoezi siku hiyo.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Aliyefunga asitembee kwa bidii mchana. Anaweza kunyoosha viungo kidogo asubuhi ndani ya nyumba, kutembea polepole dakika 15 au 20 kabla ya magharibi ili maji ya futari yamkute karibu, au kusubiri hadi baada ya tarawehe, ambayo yenyewe ni mwendo wa viungo kwa mzee. Daku ya uji, matunda na maji humsaidia kuliko ya vyakula vikavu vyenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa kudumu azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

Mwili unapozidiwa

Dalili za awali ni misuli ya nyuma ya mguu au ya tumbo kubana, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu usio wa kawaida, jasho jingi juu ya ngozi yenye ubaridi, na mapigo ya moyo yaendayo mbio hata baada ya kusimama. Acha zoezi mara moja, usijiambie kwamba umebakiza mzunguko mmoja. Nenda kivulini, legeza nguo, lala chini na kuinua miguu juu ya mto au ukingo wa baraza, jimwagie maji, na unywe kidogo kidogo. Nafuu ionekane ndani ya nusu saa. Isipoonekana, au ukianza kutapika, nenda kituo cha afya.

Hali ya hatari zaidi ni kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hufika nyuzi 40 au kupita. Alama yake kubwa iko kichwani: mtu huchanganyikiwa, hujibu mambo yasiyohusiana na swali, hupepesuka kama mlevi, huwa mkali bila sababu, hupata degedege au hupoteza fahamu. Usidanganywe na jasho, kwani ngozi inaweza kuwa kavu au ikawa bado imelowa. Usisubiri kipimajoto wala gari ndipo uanze. Mwondoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima mfululizo huku wengine wakimpepea kwa kanga, mkeka au chochote kilichopo. Kama kuna barafu, ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa shingoni, kwapani na kwenye mapaja upande wa ndani karibu na kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, wala asipewe dawa ya kushusha homa, ambayo haisaidii hapa. Alazwe ubavu ili akitapika asipaliwe. Mtu mmoja atafute usafiri, hata bajaji, na mmoja aendelee kumlowesha njia nzima hadi hospitali, kwa kuwa dakika zinazopotea kwenye foleni bila kupozwa ndizo zinazoumiza ubongo na figo. Wanaofanya mazoezi kwa kikundi wakubaliane mapema nani ana namba ya dereva wa karibu na ndoo ya maji inawekwa wapi.

Aliyezidiwa kidogo na kupata nafuu apumzike angalau siku 1 au 2, anywe na ale vizuri, kisha aanze tena na dakika 10 za siku ya kwanza badala ya kurudi alipoishia. Aliyepata kiharusi cha joto asirudi kwenye mazoezi yoyote bila ruhusa ya daktari, hata akijiona mzima, kwa sababu uwezo wa mwili wake kuhimili joto unaweza kubaki dhaifu kwa wiki au miezi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo hushauriwa kubaki na mazoezi ya kiti na ukuta, ndani ya nyumba na mwenzake akiwapo, mpaka kusi ianze kuvuma.